Sura ya Sita: Taa ya Samaki wa Bi. Asia

Kila neno la sura hii ni kweli tupu. Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, na anayebisha aje Bigwa, Morogoro, aulize. Akiambiwa vingine, basi aliyemwambia ndiye mwongo. Mimi Kasimiri nilikuwepo, nimesimama nyuma ya Sajenti Felista Mkude na begi langu la bisibisi, na yote niliyaona kwa macho haya haya ambayo daktari anadai yana mtoto wa jicho.

Sajenti alinichukua kama fundi. Nilikuwa nimemweleza kwamba mwaka ule bwawa la Mindu lilipofurika, mimi ndiye niliyeushika umeme wa mji mzima kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia ukiendelea kula wali. Hakucheka wala hakubisha. Ndivyo alivyo yule mama. Ukimwambia jambo analiweka mahali, halafu analitoa siku usiyoitarajia.

Jalada lilikuwa limefunguliwa na Mwinjuma, mtoto pekee wa Bi. Asia, anayekaa Dar es Salaam. Soketi inayowasha taa ya tangi la samaki sebuleni kwa mama yake ilikuwa ikijizima yenyewe, taa inazimika, na pampu ya hewa nayo inasimama. Mafundi wawili walishakuja wakaondoka bila kuona kitu. Mwinjuma aliamini kwamba mpangaji wa chumba cha uani, kijana aitwaye Shukuru, anamhujumu mama yake ili ahame. Mchana huo alimpigia simu Sajenti akiwa tayari yuko barabarani.

"Kama ni mtu, mkamateni," alisema. "Kama si mtu, basi nyumba ni mbovu na itakuja kumuunguza. Nimekodi kirikuu cha kubebea mizigo, nishapita Chalinze. Mama anahama leo."

Kwa hiyo tulikuwa na muda wa kutoka Chalinze hadi Bigwa, na mvua za Uluguru zilikuwa zinamchelewesha dereva kwa niaba yetu.

Bi. Asia alitupokea kibarazani, amejifunga kanga mbili. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba ya jirani, na mlima hauonekani kabisa.

"Shikamoo mama," Sajenti alisema.

"Marahaba mwanangu. Karibuni. Shemeji, na wewe umo?"

Ananiita shemeji kwa sababu marehemu mume wake, Abeid, alikuwa rafiki yangu wa damu. Nilijibu kwamba bila mimi kesi isingefika popote.

Sajenti hakuingia ndani moja kwa moja. Alizunguka uani, akasimama kwenye kamba ya nguo. Vitambaa vya kufuma vilikuwa vimeanikwa chini ya upenu, vyeupe pe. Alikishika kimoja, kirefu, akakigeuza pindo, akalinusa.

"Umefuma mwenyewe, mama?"

"Mwenyewe. Siku hizi macho yanakataa, lakini mikono inajua njia."

Nikadhani anasifia ufumaji. Nikamwambia kwamba na mimi niliwahi kufuma shuka la kumfunika tembo wa Mikumi aliyekuwa na homa. Sajenti akakirudisha kitambaa kwenye kamba.

Sebule ilikuwa safi kwa namna ya nyumba ambayo hakuna wa kuichafua. Makochi manne, yote yametazama mlangoni. Moja tu, lililo karibu na tangi, lilikuwa limebonyea katikati. Mengine yalikuwa na umbo lile lile yalilotoka nalo kwa fundi. Tangi lilikaa juu ya meza ya chuma iliyosimama kwenye saruji, limejaa maji mpaka karibu na ukingo. Ndani alikuwemo samaki mmoja mwekundu, mkia umechanika.

"Walikuwa wangapi?" Sajenti aliuliza.

"Wengi. Mwinjuma aliniletea kwa basi baada ya matanga ya baba yake. Alisema, mama, hawa watakuchangamsha." Bi. Asia aligonga kioo kwa ukucha, na samaki akaja. "Taa ikizimika na pampu inazima. Nikiwa nimelala sijui, nikiamka namkuta mmoja kaelea. Amebaki huyu. Huyu ananijua."

"Na mtoto wako alikuja lini mara ya mwisho?"

"Anapiga simu," alisema Bi. Asia.

Sajenti alipiga magoti akaichunguza soketi. Haikuwa kama soketi zetu za kawaida. Ilikuwa na vitufe viwili, kimoja cha kujaribia na kimoja cha kurudishia. Mwinjuma aliinunua Dar akaipachika mwenyewe.

"Mzee Kasimiri, hii ni nini?"

Nilieleza kwamba ni soketi ya kukamata radi. Mlangoni mtu akacheka. Alikuwa Shukuru, mpangaji, kijana wa miaka kama thelathini anayechukua ndizi Mkuyuni na kuziuza sokoni mjini. Amevaa ndala, mikono nyuma.

"Afande, hiyo ni soketi ya usalama. Inapima umeme unaotoka na unaorudi. Ukipungua hata kidogo, maana yake kuna sehemu unavuja, inakata fasta kabla haujamla mtu."

"Umejuaje?"

"Nimegugo, afande. Mtu akikutuhumu si lazima usome?"

Sajenti akasimama. "Chumbani kwako una vitu gani vya umeme?"

Shukuru akakwepa macho. "Taa. Chaja ya simu."

"Na nini?"

"Na hita."

Nikaruka. Kesi imekwisha! Hita ile ya koili wanayotumbukiza vijana kwenye ndoo ya maji ya kuoga, kila mtu anajua inavyopiga shoti. "Mfunge pingu, Sajenti," nilisema. "Mwenyewe niliona hita moja Ngerengere, ilipiga shoti mpaka treni ikarudi kinyumenyume."

"Mzee, acha kunichomea," Shukuru alisema. "Mimi naoga kila siku. Soketi inakata kila siku?"

Sajenti alimtazama Bi. Asia.

"Si kila siku," Bi. Asia alisema. "Inaweza kupita wiki nzima salama."

"Lete hita."

Shukuru akaileta pamoja na ndoo, akaichomeka chumbani kwake. Tukasimama sebuleni tukiitazama taa ya samaki. Maji yakachemka mpaka mvuke ukatoka dirishani kwa Shukuru. Taa haikucheza.

"Isingeweza kucheza," Sajenti alisema. "Soketi hii inalinda kilichochomekwa kwake tu. Kinachovuja kiko hapa mezani. Ni pampu au ni taa."

Alichomoa pampu, akaacha taa peke yake. Tukangoja. Salama. Akachomoa taa, akarudisha pampu. Salama. Akaitoa taa juu ya tangi. Ni ile ndefu inayosimama kwa miguu miwili juu ya ukingo, na upande wa nyuma waya wake ulikuwa umeungwa na kuzungushiwa gundi nyeusi ya utepe.

"Nani aliunga hapa?"

"Mwinjuma," Bi. Asia alisema. "Waya ulikuwa mfupi."

Sajenti aliigusa gundi kwa kidole. Kavu. Akairudisha taa mahali pake, akabonyeza kitufe cha kujaribia. Soketi ikalia *tak*, ikakata. Akabonyeza cha kurudishia, taa ikawaka.

"Soketi nzima. Taa nzima. Pampu nzima."

"Hivyo hivyo walisema mafundi," Bi. Asia alisema. Akakaa kwenye lile kochi lililobonyea. "Mkija ninyi haizimiki. Mkiondoka inazimika. Mwinjuma atasema nimeanza kuzeeka kichwa. Ananitafutia chumba kwake, ghorofa ya nne. Na samaki huyu, Mwinjuma ameniambia nimwache."

Simu ya Sajenti ikalia. Aliongea maneno machache akaikata.

"Mwinjuma yuko Mikese. Hayuko mbali."

Hapo ndipo nilipoona kazi yake. Fundi mwingine angefungua soketi. Yeye alivuta kigoda akakaa uso kwa uso na mama yule.

"Mama, nitajie siku zilipozimika."

"Tarehe sizishiki, mwanangu."

"Usinipe tarehe. Siku ya mwisho ilipozimika ulikuwa unafanya nini?"

Bi. Asia akafikiri. "Nilikuwa nimepika vitumbua."

"Na kabla ya hapo?"

"Siku ile ya visheti."

"Na kabla yake?"

"Nilikaanga maandazi ya iliki. Nakumbuka, maana niliyala mimi na samaki mpaka yakaota ukungu."

"Unapikia wapi?"

"Uani. Kwenye mkaa."

Nikapendekeza kwamba ni harufu ya iliki inayoingia kwenye waya. Shukuru akageukia ukutani, mabega yanatikisika.

Sajenti hakututazama. "Mama, unakaa peke yako. Vitumbua vya nani?"

Bi. Asia aliishika ncha ya kanga yake akaikunja, akaikunjua. Pampu ilikuwa inatoa mapovu. Nje, matone yalidondoka kutoka kwenye bati hadi kwenye beseni.

"Vya mgeni," alisema.

"Mgeni gani?"

"Watu husema watakuja."

"Walikuja?"

"Mvua huwa inanyesha."

Mimi wakati huo nilikuwa nachunguza dari. Dari ya Bi. Asia ni nzuri, mbao za mninga, Abeid alizipiga msasa mwenyewe.

"Sawa," Sajenti alisema. "Sasa nifanyie jambo moja. Jifanye umeambiwa kuna mgeni. Andaa sebule kama unavyoandaa. Usiache kitu, usiongeze kitu."

"Sina unga wa vitumbua leo."

"Vitumbua viache. Sebule."

Mama yule akainuka. Alitoka akarudi na vitambaa kutoka kwenye kamba, mkono mzima, na nikaona uso wake umebadilika, kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni. Akatandika kochi la kwanza, la pili, la tatu. Akafunika redio. Akafunika televisheni, pembe moja ikaning'inia mbele kama inavyotakiwa. Kisha akakichukua kile kirefu alichokishika Sajenti uani, akakilaza juu ya taa ya samaki kwa urefu wake, akanyoosha mikunjo kwa kiganja. Pindo la nyuma likateleza kwenye ule uwazi wa kumlishia samaki, likapotea.

"Na mafundi walipokuja," Sajenti aliuliza taratibu, "vitambaa vilikuwepo?"

"Ah! Fundi ana grisi, mwanangu. Fundi akija navitoa vyote, naviosha kabisa. Vitambaa ni vya mgeni."

"Na leo tulipokuja?"

"Polisi ni fundi tu. Samahani lakini."

"Haina neno. Sasa huwa unafanya nini?"

"Sasa nakaa, nangoja."

Tukakaa wote tukangoja. Sijawahi kuona kazi ngumu ya polisi kama ile. Makochi yalikuwa meupe. Mlango ulikuwa wazi, na hakuna mtu aliyepita nje isipokuwa mbuzi wa jirani, aliyechungulia akaondoka. Kila kishindo cha barabarani Bi. Asia alinyanyua shingo kidogo, kisha akaishusha, na sidhani kama alijua kwamba anafanya hivyo. Adhana ya alasiri ikaanza msikiti wa chini, ikaisha. Nilitaka kutoa hadithi moja ya kuchangamsha watu. Sajenti akaninyamazisha kwa macho.

*Tak.*

Taa ikazimika. Mapovu yakapanda, yakapungua, yakakoma. Samaki akasogea juu, akaanza kupanua mdomo.

"Mtu asiguse maji," Sajenti alisema. Alichomoa kila kitu ukutani, ndipo akakinyanyua kitambaa. Pindo la nyuma lilikuwa limelowa, na ukingo wake una ukijani wa tangini. Unyevu ulikuwa umepanda uzi kwa uzi, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari, mpaka kwenye ile sehemu iliyofungwa gundi nyeusi. Safari hii alipoigusa gundi, kidole kilirudi na maji.

"Kitambaa kinakunywa," alisema. "Kikifika hapa umeme unapata njia, unashuka kwa maji yanayotiririka nyuma ya kioo mpaka meza ya chuma, mpaka sakafuni. Unavuja kidogo tu. Soketi inaona, inakata. Mama, nyumba yako si mbovu. Hii soketi imekuokoa kila siku uliyopika."

Bi. Asia alikuwa ameshika mdomo. "Mimi nilitaka papendeze."

Sajenti akakata ule muungano wa Mwinjuma na kuutupa. Nyaya akaziunga upya kwa kiungio kutoka kwenye begi langu, ambacho hata mimi sikujua kilikuwemo. Akaacha waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, tone likiteremka lidondokee sakafuni. Pampu ikarudi, samaki akashuka chini. Bi. Asia akaanza kucheka peke yake, na honi ikapigwa nje.

Mwinjuma aliingia na matope mpaka magotini. Ni mtu mzima mwenye kitambi cha mjini na macho ya baba yake. Aliamkia, akambusu mama yake mkono, akamsikiliza Sajenti mpaka mwisho. Akaitazama gundi yake sakafuni, akaona haya. Akamgeukia Shukuru.

"Ndugu yangu, unisamehe."

"Yameisha, bro. Ila ndizi utanunua."

"Kwa hiyo mama habanduki," Sajenti alisema.

Mwinjuma alitikisa kichwa. "Afande, nashukuru. Lakini ungeniambia ni mtu, ningelala usingizi. Unaniambia mama yangu amekaa na waya uliolowa na hakuna mtu hata mmoja aliyeingia humu akaona. Siku soketi ikiharibika je? Nani atajua? Mama, kakusanye nguo."

Bi. Asia aliinama kwenye tangi. Alimtazama samaki.

Jamani, ningefanyaje? Nikasimama katikati ya sebule.

"Mwanangu Mwinjuma," nilisema, "hilo lisikunyime usingizi. Baba yako mdogo nipo. Mimi humu si mgeni. Kila wiki niko kwenye kochi lile pale, nakunywa chai na mama yako mpaka giza liingie. Wiki iliyopita amenifukuza yeye mwenyewe."

Uso wa Mwinjuma ukalegea. "Kweli, ba'mdogo? Mbona mama hakuniambia? Kama ni hivyo..."

"Mzee Kasimiri," Sajenti alisema. Alikuwa anafunga begi langu bila kunitazama. "Choo cha humu kiko upande gani?"

Mtu anayekunywa chai mpaka giza liingie lazima ajue choo kilipo. Nilinyoosha mkono kwa kujiamini, nikaonyesha mlango wa uani.

Shukuru alijishika tumbo. "Mzee! Pale ni chumbani kwangu!"

Kicheko chake kikaisha.

"Mama," Sajenti aliuliza, "vitumbua vilikuwa vya nani?"

"Vyake," Bi. Asia alisema.

"Visheti?"

"Vyake. Maandazi pia." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. "Tukikutana dukani huniambia, shemeji, kesho nitapita. Anataja mpaka saa. Anasema, usihangaike kupika. Mtu akikwambia usihangaike kupika si ndio unapika?"

"Sajenti," nilisema, "'nitapita' ni salamu tu. Morogoro nzima tunaagana hivyo."

"Morogoro nzima ndiyo iliyofunguliwa jalada?" Akanigeukia sasa. "Nilikuja hapa kumtafuta anayezima taa ya Bi. Asia. Nimempata. Amebeba bisibisi."

Mwinjuma alikuwa keshaufikia mlango wa chumba cha mama yake. "Tusipoteze muda. Mama, twende."

"Siendi," Bi. Asia alisema.

"Mama!"

"Nimesema siendi. Umeuliza nani atajua. Huyu hapa atajua." Alininyooshea kidole. "Maji ya tangi yanatakiwa yapunguzwe na kubadilishwa kila wiki. Mgongo umenikataza, nimekuwa naongezea tu mpaka yanafika juu namna hii. Atakuja yeye. Kila wiki, na ndoo."

"Na akikosa?"

"Akikosa wiki moja nakupigia simu, unakuja na gari, nami napanda bila neno. Shemeji, umesikia? Mdomo wako ndio unaoniweka hapa au kunitoa."

Nilianza kueleza habari za mgongo wangu mwenyewe, ulivyoumia nilipokuwa nimebeba injini ya treni. Mwinjuma aliangalia saa. Dereva wa kirikuu akapiga honi.

"Nitakuja," nilisema.

"Hilo tumelisikia sana," alisema Sajenti. "Anza leo."

Shukuru akaleta ndoo mbili na kipande cha mpira. "Unanyonya kama mafuta ya pikipiki, mzee. Ila wahi kuutoa."

Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikapiga magoti mbele ya tangi, polisi na mwenye jalada wakinisimamia. Nikatia ncha moja majini, nyingine mdomoni, nikavuta. Hakikuja kitu. Nikavuta tena kwa nguvu zote, na maji ya kijani, ya vuguvugu, yakaja yote kwa pamoja mpaka mashavu yakafura. Mpira nikauwahi kuutupia ndooni, ukaanza kutiririka vizuri. Lakini maji ya mdomoni sikuwa na pa kuyatemea. Sebule nzima ilikuwa imetandikwa vitambaa vyeupe, na mlangoni amejaa Mwinjuma.

Bi. Asia akavuta kochi karibu yangu, akakaa.

"Sasa shemeji," alisema, "nikuambie mimi habari za siku ile Abeid alipozipiga msasa mbao za dari hii. Wewe hukuwepo, kwa hiyo nyamaza usikilize."

Nikatikisa kichwa kukubali. Akaanza.